Vidonge vya Baada ya Chakula

Nesi yule sikumpenda tangu siku ya kwanza. Anacheka mno, na mtu anayecheka mno mbele ya wagonjwa ana lake jambo. Mama yangu kawapikia watoto wa shule ya bweni maisha yake yote, mikono imeungua hadi haisikii moto tena, halafu nimlete nyumba ya wazee aibiwe dawa? Thubutu!

Sukari yake ilikuwa inapanda tu. Kidonda cha mguuni kimegoma kupona, na daktari kaniambia wazi: isiposhuka, mguu unakatwa. Nikimuuliza mama, "Dawa wanakupa?" ananijibu, "Wananipa, mwanangu, usiwasumbue watu." Hapo ndipo nikazidi kushuku. Nikasema moyoni, vidonge vinauzwa hivi.

Basi nikaenda saa ya chakula cha mchana bila taarifa, nikajibanza nyuma ya mlango wa bwalo, macho kodo. Wazee wote wamekaa mezani. Mama yuko wapi? Mama kasimama na upawa! Anachechemea na bandeji yake, huyu anamwongezea mchuzi, yule anamkatia nyama, mwingine anamgombeza, "Wewe mzee, maharage hujagusa!" Sahani yake mwenyewe imefunikwa.

Nesi akapita na trei ya dawa. "Bibi, umeshakula?"

"Bado, mjukuu wangu. Ngoja hawa wamalize."

"Haya, zako ni za baada ya chakula. Nitarudi."

Hakurudi ng'o! Wazee walipomaliza kula, trei ilishafungiwa kabatini, na nesi anavaa koti aende kwake.

Nikamtokea nikiwaka. "Ndivyo unavyomfanyia kila siku?"

Kicheko kikamkauka. "Namkuta hajala, dada. Halafu nasahau."

Anasahau! Mguu wa mtu! Nilikuwa nimejiandaa kumkamata mwizi, kumbe ni msahaulifu. Akakimbia kabatini kuvileta vidonge.

Nikamnyang'anya mama upawa. "Kula, mama. Wote wameshakula."

Akazungusha macho meza nzima, akahakikisha, kisha akanigeukia. "Na wewe?"

Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. "Nimeshiba, mama."

Akanikazia macho. "Mwongo mkubwa wewe," akasema, akasogeza sahani katikati yetu. "Anza wewe."

Nikala huku machozi yananitoka. Akala na yeye. Nesi akabaki amesimama na koti lake, vidonge mkononi, mpaka mama akavimeza.