Fundi wa Tambarare na Landrova ya Mzee Mohdhar

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Novemba 2021, miguu miwili imechomoza chini ya Landrova ya kijani katika uchochoro mmoja wa Lidcombe, Sydney. Mwenye miguu haonekani. Kinachosikika ni spana, na mluzi wa wimbo wa kwaya.

"Bado inavuja?" anauliza Mzee Mohdhar, aliyekalia kreti la soda na chupa ya kahawa ya tangawizi mapajani.

"Mzee, Landrova ikiacha kuvuja ujue imeishiwa oili," sauti inajibu kutoka chini.

Fundi huyo ni Libère, mwenye umri wa miaka 38, Mrundi aliyekulia kambini Kasulu, Tanzania. Ana sababu ya kukaza kila nati mara mbili. Leo ndiyo siku ya kwanza tangu Juni ambapo wakazi wa Sydney waliochanjwa wanaruhusiwa kutoka jijini kwenda mikoani, na Mzee Mohdhar anakwenda Dubbo, karibu kilomita mia nne.

Huko binti yake, Fawzia, amejifungua Alhamisi. Keshokutwa ni siku ya saba: mtoto atanyolewa nywele na kupewa jina. Kuchagua jina ameachiwa babu, na babu hajamtajia mtu yeyote.

"Nitamtamkia sikioni mwenyewe," anasema Mzee, mzaliwa wa Tanga, mwenye miaka 71. "Kwenye simu sitaki. Mjukuu wangu wa kwanza nimwite kama naagiza pizza?"

Treni na basi hawezi kupanda. Kifua chake kibovu, na daktari amemwonya akae mbali na misongamano. Gari alilonalo ni hili moja, la mwaka 1974, na wiki mbili zilizopita gari hili lilimwaibisha fundi wake mbele ya nusu ya Waswahili wa jiji.

Tuanzie mwanzo wa aibu. Jiji lilipofungwa kwa sababu ya korona, gereji alikoajiriwa Libère ilimpunguzia kazi kutoka siku tano hadi moja kwa wiki. Nyumba ikabebwa na mkewe, Léocadie, anayehudumia wazee kwenye makao yao.

"Mume wangu alikuwa anakaza nati za viti vya jikoni," Léocadie anasimulia, akicheka. "Viti vikaisha. Akaanza kuniangalia mimi."

Basi Mzee Mohdhar alipokuja Septemba kutoka Auburn, mtaa wa jirani, Libère alimpokea kama mgeni wa harusi. Mzee alitaka mambo mawili: matairi mapya, na ovadraivu, ile gia ya ziada inayoituliza injini barabara ikinyooka.

Ovadraivu ilikuwa ahadi ya zamani. Marehemu mkewe alikaa kiti cha abiria miaka kumi na tisa akilalamika kwamba ndani ya Landrova mtu hawezi hata kumsengenya jirani bila kupiga kelele. "Nilimwambia nitaifunga. Nikaichelewesha mpaka akatangulia," anasema Mzee.

Ovadraivu ikapatikana, kuukuu lakini nzima. Kosa lilikuwa kwenye matairi, na Libère halifichi.

"Mimi ufundi nilijifunza Kasulu, kwenye magari ya shirika la misaada. Kule masika yakishika, tairi ni lile refu, lenye meno kama ya trekta. Ukifunga dogo unalala njiani. Nikamfungia Mzee yale yale ya Kasulu, kumbe mtu anakwenda kwenye lami!"

Yalikuwa marefu kuliko ya asili kwa vidole vitatu, na mazito. Tairi refu hufanya kazi kama gia ndefu: gurudumu likizunguka mara moja, gari linakwenda mbali zaidi, lakini injini inasukuma kwa taabu. Ovadraivu nayo ni gia ndefu. Kule Kasulu mafundi waliing'oa kabisa, kwa hiyo Libère hakuwahi kuviona viwili hivyo kwenye gari moja.

Na pa kujaribia hapakuwapo. Watu walikuwa wamezuiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, na Lidcombe yote ni tambarare. Gari likateleza kama sabuni. Mzee akalipa, akambusu fundi kwa mbali, kupitia barakoa.

Katikati ya Oktoba, jiji lilipofunguliwa, wakalipeleka mlimani Lapstone, ng'ambo ya Penrith. Gia ya nne ikafa. Ya tatu ikatetemeka. Ya pili ikapiga yowe, wakatambaa mwendo wa baiskeli mpaka mvuke ukafunika kioo.

Dereva mmoja wa lori, Mrundi mwenzake, akapita na kumpiga picha Libère akimwagia injini maji kwa ndoo. Kabla ya jioni picha ilikuwa imefika Cabramatta, kwenye duka akina mama wanakonunua kisamvu, ikiwa na jina lake kamili: Fundi wa Tambarare.

"Nilizima simu siku mbili," Libère anakiri. "Si kicheko. Kicheko nimezoea. Nilimwona Mzee amekaa pembeni ya barabara. Nikajua anahesabu siku."

Matairi ya barabarani ya kipimo cha asili hayakupatikana. Meli zilichelewa, muuzaji alisema Januari. Fawzia alikuwa anatazamiwa kujifungua mwisho wa mwezi.

Umbea ukaendelea na safari zake, na ukafika Quakers Hill kwa Wanjugu, Mkenya anayejua habari za kila mtu na hana haya. Akapiga simu.

"Wewe ndiye Fundi wa Tambarare?"

"Ndimi, mama."

"Wacha kulia basi. Jirani yangu Mzungu ameuza Landrova yake, amebaki na matairi manne. Ni membamba, hayajamaliza hata miezi sita, na yamenizibia njia ya mapipa. Kuja uyatoe kabla sijapanda sukuma wiki ndani yake!"

Yalikuwa kipimo cha asili kabisa. Libère aliyafunga siku hiyo hiyo, akaiacha ovadraivu peke yake ifanye kazi ya kurefusha gia. Akampa Mzee na somo: mlimani usiing'ang'anie gia ya nne, rudi ya tatu, na ovadraivu uiweke pale tu gia hiyo inapokupa nafasi. Wakaupanda Lapstone mara mbili bila tone la maji.

Sasa Landrova inanguruma uchochoroni. Libère anajifuta mikono, anataka kuaga. Mzee anakipigapiga kiti cha kushoto, cha abiria.

"Unakwenda wapi? Kwetu kwenye mashamba ya mkonge, fundi hupanda safari ya kwanza. Ikikwama, tunakwama wote."

"Mzee, sijaoga."

"Hata gari halijaoga. Panda!"

Saa nne na nusu Léocadie anapokea simu. Wamevuka milima. Libère, ambaye kwa miaka kumi na moja Sydney hakuwahi kuipita Penrith mpaka siku ile ya aibu, anapiga kelele kama mtoto: "Wanasikika ndege! Tumeweka ovadraivu, Léocadie, nawasikia ndege!"

Jumatano simu inatoka Dubbo, na nyuma yake kuna sufuria, vifijo na mtoto anayelia. Jina limeshatamkwa: Sabiha, jina la marehemu bibi yake.

"Nimemnong'oneza," anasema Mzee Mohdhar. "Nimechoka kupiga kelele."

Libère amerudi na bakuli la pilau na mpango. Ifikapo Machi anataka kukodi nusu ya banda hapo hapo Lidcombe, ashughulike na magari ya zamani tu. Wateja watatu wameshapiga simu, wote kwa sababu ya ile picha. Kibao kinachorwa na binti yake Keza, mwenye miaka kumi na miwili: Fundi wa Tambarare, na mlima nyuma yake.

Keza amemwambia, kwa Kiingereza chake, kwamba Wazungu hawataelewa.

"Wawaulize Waswahili," baba yake akamjibu. "Watawaeleza mpaka wachoke."