Kiti cha Tatu cha Kizunguzungu

Harufu ile ilifika nyumbani kwetu kabla ya mwenye nayo. Ilikuwa harufu ya matapishi yaliyooshwa kwa dawa ya kusafishia ya javel: uchachu wa tumbo la mtu uliofunikwa na ukali wa dawa lakini haukufa, na chini yake mafuta ya mazutu ya jenereta na mpira uliochomwa na jua. Ilipanda ngazi za udongo za mteremko wetu wa Ibanda, ikaingia mlangoni, ikakaa. Hapo ndipo alipoingia Tonton Deo, mdogo wake mama, shati lake limepigwa pasi, viatu mkononi, anatusalimu sote kwa furaha kama mtu aliyetoka harusini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimemaliza darasa la sita, na nilikuwa na pua isiyosamehe. Kila alipoketi mezani nilivuta sahani yangu upande wa pili. Mama aliniona, akanikanyaga mguu chini ya meza. Tonton Deo naye aliniona, akajifanya anatafuta chumvi.

Alikuwa mwalimu huko Mudaka mpaka upepo ulipobeba paa la shule yake na hakuna aliyelirudisha. Akaja kwetu na mfuko mmoja wa nguo na sanduku la vitabu, akalala kwenye kochi la sebule, akatafuta kazi kwa miezi mingi. Kisha siku moja akarudi anacheka. “Nimepata kazi,” akamwambia mama. “Niko teknisie wa masini.” Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Hakuna aliyeuliza ni fundi wa mashine gani, maana mji mzima ulikuwa ukizungumzia mashine moja tu.

Ilikuwa imeletwa kwa lori kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa pili wa mpaka, mwanzoni mwa vakansi, likizo ndefu ya kiangazi, vumbi jekundu limetanda juu ya mapaa na ziwa chini yetu limepoteza rangi. Waliisimamisha kwenye kiwanja kilichokuwa wazi karibu na barabara, wakazungusha mabati. Ilikuwa yai kubwa la chuma, rangi ya fedha, limeshikwa katikati na mikono miwili ya chuma minene kama nguzo za daraja. Ndani mlikuwa na viti vinne na skrini. Mlango ukifungwa, picha zilikuonyesha unaruka kati ya nyota, na yai lenyewe likaanza kuzunguka: mbele, nyuma, ubavuni, kichwa chini miguu juu, kwa kasi inayokua mpaka unasikia matumbo yako yanatafuta mlango. Kwenye ubao waliandika kwa Kifaransa kwamba ni safari ya mwezini. Sisi watoto tuliiita Kizunguzungu. Kupanda Kizunguzungu kukawa ndiyo alama ya kuwa mtu. Aliyepanda alitembea barabarani kifua mbele. Asiyepanda alikaa kimya wengine wakihadithia.

Nilikwenda kuiangalia mara ya kwanza na rafiki yangu Neema, ambaye nilikaa naye dawati moja tangu darasa la pili, na mdogo wake Solange, mtoto wa miaka tisa asiyeacha kufuata dada yake. Tulisimama nyuma ya kamba pamoja na umati. Niligundua upesi kwamba umati ule haukuja kuangalia mashine. Ulikuja kuangalia watu wakitapika. Mlango ulipofunguka, walitoka mmoja mmoja, nyuso zao rangi ya majivu, na yule aliyeinama na kumwaga chakula chake vumbini alipigiwa makofi. Walitaja alichokula, majani ya muhogo au dagaa wa ziwani. “Sombe!” mmoja akapaza sauti. “Hapana, ni sambaza, angalia macho yao!” Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenye mashine, kijana mwenye sauti laini, alisimama mlangoni na kipaza sauti mkono mmoja na mshikaki wa mbuzi mkono wa pili, anatafuna, mafuta yanamng'aa kidevuni, pua yake haisikii chochote. Sijui kilichonichukiza zaidi, yale yaliyokuwa chini au vinywa vilivyokuwa wazi juu yake.

Kisha mtu akatoka nyuma ya yai, amevaa buti za mpira, ameshika ndoo na kitambaa. Akapiga magoti ndani ya mlango, akaanza kusugua viti. Maji ya ndoo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa yameosha asubuhi yote na bado yanaosha, kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa kavu na maji yalitekwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, kutoka ziwani. “Papa Matapishi!” umati ukaita. “Papa Matapishi, usilambe!” Akainua kichwa ili apumue, na macho yake yakakutana na yangu. Alikuwa Tonton Deo.

Aliinua mkono kidogo, karibu anisalimu. Neema akaniangalia. “Ule muzee anakuangalia weye,” akasema. “Unamujua?”

“Hapana,” nikasema. “Simujue.”

Sikusema kwa sauti ndogo. Alisikia, kwa sababu mkono uliokuwa umeinuka alifuta nao paji la uso, kama vile ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Akarudi kusugua. Jioni ile alioga kwa sabuni mara mbili nyuma ya nyumba, na bado nilimsikia harufu, na nikamchukia kwa kunifanya niisikie.

Jumapili baada ya misa tulikula pamoja, bugali na maharage. Mama alipotoka kuchukua maji ya kunawa, Tonton Deo aliinama kuelekea kwangu, si karibu sana, kama mtu anayejua mpaka wake. “Nsimire,” akasema, “najua siku moja utataka kupanda. Sikukataze. Lakini usikale mu kiti ya tatu, unasikia? Mukaba yake, ile ya kukufunga, inafungukaka. Nilishamwambia patron, mwenye masini, mara mingi. Anasema nifunge na kamba tu. Mimi nikiwa pale, naachaka ile kiti wazi kama batu haiko mingi.” Niliitikia kwa kichwa bila kumtazama. Nilitaka aondoe uso wake ili nimeze tonge.

Wiki iliyofuata matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yakatoka. Neema na mimi tulifaulu vizuri, na baba yake Neema, mtu mkarimu aliyefanya kazi ofisini, akasema zawadi yetu ni Kizunguzungu. Tulikwenda Jumamosi, yeye mwenyewe mbele, sisi nyuma, Solange analia njiani kwamba naye anataka. Njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nilitaka kupanda, kwa sababu nilichoka kuwa yule anayenyamaza wengine wakihadithia. Sikutaka, kwa sababu nilipofumba macho niliona kitambaa kile na maji yale. Na zaidi ya yote niliogopa kukutana na mjomba wangu mbele ya baba yake Neema, katika buti zake.

Tulipofika hakuwepo. Mwenye mashine alikuwa amemtuma ziwani kuchota maji, na siku ile alifunga mikaba mwenyewe, haraka, kwa mkono mmoja. Ndani kulikuwa kumeoshwa vibaya. Kiti cha mbele kilikuwa na unyevu, na kwenye mshono wa mpira mlibaki punje za mahindi ambazo hakuna aliyezitoa. Vijana wawili walikaa kiti cha kwanza na cha nne. Neema akakaa cha pili. Mwenye mashine akaninyooshea kidole. “Weye, mama mudogo, kiti ya tatu. Haraka.”

Nilikitazama. Mkaba ulikuwa na kifungo cha chuma kilichopinda, na juu yake kamba ya nailoni imefungwa fundo moja, jipya, legevu. Halikuwa fundo la Tonton Deo. Yeye alifunga vitu kama mwalimu anavyofunga daftari za wanafunzi, mara mbili na kwa utaratibu. Nilijua nilichopaswa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: kiti hiki ni kibovu. Lakini wangeuliza, umejuaje? Ningejibu, nimeambiwa na anayeosha. Wangeuliza, anayeosha anakujulia wapi? Na Neema alikuwa ameketi pale, anacheka, ameninyooshea mkono nimfuate.

“Sipande,” nikasema. “Nasikia kichefuchefu.”

Umati ukazomea. Baba yake Neema akacheka kwa upole, akanishika bega. Solange alikuwa ameshapita chini ya kamba. “Mimi! Papa, mimi!” Baba akamnyanyua, akamweka kwenye kiti cha tatu. Mkaba ulimzunguka na kubaki na nafasi ya mtoto mwingine. Mwenye mashine akaukaza kidogo, akarudi kwenye mshikaki wake. Mlango ukafungwa. Nilisimama na kuangalia, mdomo wangu mzima, ulimi wangu mzima, sikusema kitu.

Yai lilianza polepole. Lilikuwa limeshapata kasi nilipomwona Tonton Deo akiingia kati ya mabati, bidoni moja kila mkono, shati limeloa. Aliniona nimesimama nje, na uso wake ukafunguka kwa furaha, alidhani nimemsikiliza. Kisha akaangalia yai. Akaja mpaka karibu nami, bila kujali nani anaona. “Nani iko mu kiti ya tatu?”

“Solange,” nikasema. “Mudogo wake Neema.”

Aliangusha bidoni zote mbili. Alikimbia, akampiga mwenye mashine kikumbo, akaangukia kitufe chekundu cha kuzimia kilichokuwa kwenye sanduku la umeme. Yai lilitetemeka, likalia kwa chuma, likasimama limelala ubavu. Ndani kulikuwa na kilio. Tonton Deo alipanda kwenye mkono wa chuma, akafungua mlango, akaingia kwa tumbo katika yale yaliyokuwa yakichuruzika, matapishi ya watu wanne yaliyochanganyika na kutapakaa hata kwenye skrini, akatoka amemkumbatia Solange. Mtoto alikuwa ametupwa kwenye chuma cha mbele. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Tonton Deo aliketi chini vumbini naye mapajani, akatafuta sehemu safi ya shati lake, akaipata begani, akamfuta nayo uso taratibu. Safari hii hakuna aliyetaja chakula.

Baba yake Neema alipomfikia, mwenye mashine alikuwa ameshafika kabla yake. “Ni ye,” akasema kwa ile sauti laini, akimwonyesha mjomba wangu. “Njo kazi yake kufunga mikaba. Namulipa juu ya ile.” Mtu mmoja akampiga Tonton Deo kofi, kisha mwingine teke la mgongo. Hakujitetea, kwa sababu mikono yake ilikuwa imemshika mtoto. Aliniangalia mara moja tu, kisha akaangalia pembeni, ili asinilazimishe kusema.

Hapo ndipo nilipopasuka. “Ule ni tonton wangu!” nikapiga kelele. “Alikuwa ku ziwa! Alishasema mukaba ni mubaya, patron akakataa! Aliniambia! Mimi nilijua!” Nilisema yote, hata lile neno la mwisho ambalo hakuna aliyeniuliza. Mikono iliyokuwa ikipiga ikashuka. Neema alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye ngazi za kupandia yai, nguo yake imechafuka mpaka magotini, akaniangalia. Nilikuwa msafi kabisa, nimevaa gauni langu la misa, na jinsi alivyoniangalia ndivyo nilivyokuwa nimemwangalia mjomba wangu siku zote zile mezani.

Solange alishonwa mdomo hospitalini. Siku mbili baadaye lori lilirudi mpakani na yai likiwa limefunikwa turubai, na mwenye mashine hatukumwona tena. Neema alipelekwa shule nyingine, nasi tukawa watu wa kusalimiana barabarani, si zaidi. Tonton Deo alibaki kwetu mpaka mvua zilipoanza, kisha akarudi Mudaka, ambako wazazi wa wanafunzi walikuwa wamekwishachanga mabati ya paa la shule. Jioni kabla hajaondoka nilikwenda kumwomba msamaha. Nilianza kulia kabla ya kufika nusu. “Nyamaza, mutoto wangu,” akasema. “Hata mimi, ku nyumba nilikuwa nasema niko teknisie.”

Leo anafundisha bado, nywele zake nyeupe, na nikimtembelea tunakula sahani moja. Kile kiwanja kina jengo la ghorofa lenye vioo vya buluu, na watoto wangu wanazungushwa kati ya nyota kwenye simu bila kuondoka kitandani. Mji umejaa, mteremko wetu umejengwa mpaka juu, na mtu akiambiwa kwamba hapa palisimama yai la chuma anadhani ni hadithi.

Miezi michache iliyopita nilikutana na Solange kwenye foleni ya famasia. Nilimtambua kwa kovu la mdomo. Alikuwa amebeba mtoto mgonjwa, na mtoto alikuwa amemtapikia begani. Alijifuta kwa kiganja huku akiongea, kama mtu anayejifuta mvua. Aliniuliza habari za Tonton Deo, nikamwambia ni mzima, akafurahi kweli. Kisha akamhamishia mtoto bega la pili.

“Dada Nsimire,” akasema, “miaka yote niko najiuliza. Siku ile, ulikuwa unaogopa nini?”

Ningeweza kumwambia nilikuwa mtoto. Wengi husema hivyo, na huwa kweli. “Niliogopa Neema atajua kama ule wa kuosha ni tonton wangu,” nikamjibu.

Aliniangalia, akisubiri sehemu iliyobaki.

“Njo ile tu?”

“Njo ile tu.”

Foleni ikasogea, akaitwa dirishani, akaenda.