Goli la Mjomba na Mashahidi Wawili

"Goli lile nililifunga mimi, kwa akili, na kipa hadi leo hajui mpira ulipita wapi!"

Mjomba wangu alitamka hayo kwenye kikao cha wazazi, amekishika kipaza sauti kama anataka kukinyonga. Yeye ni mwalimu wa historia katika shule ileile aliyosoma, na ajenda yoyote ukimpa ataifikisha kwenye fainali ile dhidi ya shule jirani. Mtaa mzima unamwita Mwalimu Goli. Ukimwita jina lake halisi anageuka kutazama nani anaitwa.

Shida yake ilikuwa darasani. Akianza kufundisha, wanafunzi wanalala mpaka wanaota. Ndipo akabuni shindano: kila kundi lichague jambo moja lililotokea mtaani, lilitafiti, na kazi bora iende mashindano ya wilaya. Sharti moja tu: mashahidi wawili walioona kwa macho yao, wasiolala nyumba moja.

"Historia haina aibu," aliwaambia. "Ina ushahidi."

Watoto wakaamka. Wakahoji watu mpaka kwenye foleni ya maji. Kinyozi alifunga saluni mchana kweupe kuwakimbia.

Wasichana wawili wa kidato cha pili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wakachagua goli la mwalimu. Mjomba alifurahi hadi akapiga pasi soksi.

Walianza na kipa wa siku ile, ambaye sasa ni fundi wa kuchomelea mageti. Fundi akapandisha miwani ya kazi kwenye paji la uso.

"Alifunga kweli, wanangu. Kwa makalio."

"Kwa kitu gani tena, fundi?"

"Makalio. Alikuwa ametupa mgongo, anabishana na mshika kibendera. Beki wangu akabutua mpira, ukamgonga huko nyuma, ukarudi wavuni. Mimi nikabaki nimeduwaa."

Mjomba aliposoma hayo akaikunja karatasi mara nne. "Huyo ana kinyongo. Shahidi mmoja si ushahidi. Leteni wa pili, la sivyo kazi haiendi wilayani."

Alijua anachofanya. Wachezaji wengine walishahama, refa alishafariki.

Jioni yake tuko sebuleni, hodi. Mjomba akajiweka sawa kwenye kochi.

"Shikamoo, mwalimu. Tumekuja kwa mama."

Mkaza mjomba alikuwa anakunja nguo. Yeye alisoma shule jirani, ile iliyofungwa goli. Na mjomba huwaambia maharusi wote, waulize wasiulize, kwamba goli lile ndilo lililomnasa mke.

"Mama, siku ile ulikuwepo?" akauliza Mrefu.

"Nyuma ya goli kabisa."

"Mwalimu aliupiga mpira na nini?"

Mjomba akakohoa. Mkewe akalitazama shati mkononi, akamtazama mwenye shati.

"Hakuupiga. Ulimpiga. Akaruka kama kaumwa na nyigu, kisha akaanza kushangilia kabla hajajua amefanya nini. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

"Mke wangu!"

"Baba watoto, nimeulizwa."

"Kumbe hukunipendea goli?"

"Tulifungwa sisi, nikupendee nini? Wenye mashuti walikuwa wengi. Wa kunichekesha vile sikumwona mwingine."

Mfupi akauliza kwa adabu kama hiyo ya mwisho nayo aiandike.

Kesho yake ofisini zilibaki kazi mbili mezani: ya goli, na historia ya bomba la maji, kazi safi isiyo na makalio hata kidogo. Mwenye kuchagua ni mjomba.

"Goli, peleka bomba," mwalimu mkuu akamshauri. "Linda jina lako, bwana."

"Mkuu, nilishawaambia historia haina aibu. Sasa nifanyeje?"

Akatia sahihi kwenye makalio.

Wilayani wasichana walishika nafasi ya pili na kupita kwenda mkoani. Majaji walisifu ushahidi, ila wakashauri liongezwe igizo. Kwa hiyo Jumamosi hii, uwanja wa shule, tukio linarudiwa: fundi golini, mjomba kampa mgongo. Beki wa siku ile hakupatikana, na mkaza mjomba amejitolea kubutua. Tangu juzi anafanya mazoezi uani, na mjomba amepunguza maneno.

Kiingilio shilingi mia tano.