Unga wa Lozi na Mstari wa Kalamu

Mektrida aliuma ncha ya kila lozi kabla ya kuitia kwenye bakuli. Kipande kidogo tu, kama panya aliyeshiba. Ikiwa tamu aliiweka. Ikiwa na uchungu, hata ule wa kudhania, aliitupa motoni, kuku wasije wakaiokota. Bi Mwantumu wa Bondeni, kule mjini, aliyemfundisha kazi hiyo, alimwambia kwamba lozi chungu ni sumu, na wiki hii Mektrida hakuwa na hofu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mumewe, Wenseslaus, alikaa barazani, mguu wa kulia juu ya kigoda. Mwaka ule wa 2001 bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, na watu wengi wa Kibosho walikuwa wanang'oa mibuni. Nyumbani kwao hakuna aliyeizungumza kahawa. Walizungumza mguu.

Mwezi mmoja nyuma, hospitali walimpima sukari wakakuta kumi na moja, na kidole kidogo cha mguu kilikuwa na kidonda kisichopona. Muuguzi, mama mmoja mpole mwenyeji wa Tabora, aliwasomea orodha iliyobandikwa ukutani: aache ugali, wali, chapati, mkate, viazi, mihogo na soda. Mektrida aliirudia orodha ile njia nzima ya kurudi nyumbani kama mtu anayesali rozari, asije akasahau kimoja.

Kilichomshinda Wenseslaus ni mkate. Miaka thelathini alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, na miaka yote hiyo saa nne ilikuwa chai na mkate. Alikunywa chai kavu siku tatu, ya nne akasema, "Mama Filbert, bora mnizike na mkate wangu."

Ndipo Mektrida alipomweleza Bi Mwantumu, mwoka keki za harusi ambaye kwa miaka mingi alinunua mayai kwake. Marehemu mume wa Bi Mwantumu naye alikuwa na sukari, na badala ya mkate alimwokea keki ya unga wa lozi. Akamwonyesha namna ya kuchagua lozi, zile nzima zisizo na vumbi la wadudu, kuzimwagia maji ya moto hadi ganda lichubuke kwa vidole, kuzikausha siku mbili, kisha kuzitwanga kidogo kidogo. "Usitwange kwa hasira, shoga. Ukizidisha zinatoa mafuta, unapata uji badala ya unga."

Keki ya kwanza, iliyookwa ndani ya sufuria lenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ilimwagika mkononi kama changarawe. Dominika, dada yake Wenseslaus, alicheka mpaka akafuta machozi. "Wifi, hii ni keki au chakula cha vifaranga? Tia unga wa ndizi ishike!"

Unga wa ndizi ulikuwepo debe zima. Ndizi mchare za kupika, mbichi, za kihamba chao, shamba la migomba lililozunguka nyumba, zilizokatwa vipande na kukaushwa kwenye vichanja vya kahawa ambavyo sasa havikuwa na kazi. Mektrida alichanganya nusu kwa nusu. Keki ikashika, ikapanda, Wenseslaus akala vipande viwili na kumsifu mbele ya dada yake. Tangu siku hiyo alipika hivyo kila baada ya siku mbili.

Jumanne waliporudi hospitali, sukari ilikuwa kumi na nne.

Daktari alifungua kitambaa, akatazama kidole kilichoanza kuwa cheusi na wekundu uliopanda juu ya unyayo. Akachukua kalamu, akachora mstari chini kidogo ya kifundo. "Dawa hizi anywe zote. Wekundu ukivuka hapa, msisubiri Jumanne ijayo, mleteni siku hiyo hiyo. Itabidi tukate." Hakusema kidole. Aliweka kiganja chake chini ya goti la Wenseslaus, akakiondoa.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Asubuhi, Mektrida aliposafisha kidonda, alikwepa mstari ule usifutike. Kati ya wekundu na wino palibaki upana wa vidole viwili. Jana palikuwa na vitatu.

Alijua ni yeye. Kitu fulani mkononi mwake kilikuwa kinamla mumewe. Alikwisha kunusa kikombe chake asije akawa anaiba sukari, akapekua mifuko ya koti lake. Hakupata kitu. Zilibaki lozi. Basi akafunga nusu ya keki kwenye kitambaa, akabeba trei ya mayai, akashuka mjini.

Bi Mwantumu hakugusa hata mayai. Aliivunja keki, akaitafuna polepole, macho juu, huku Mektrida akimtazama mdomo kama mshtakiwa anayemtazama hakimu.

"Uchungu hakuna," alisema.

"Una hakika, dada? Tafuna tena."

"Lozi zako safi. Lakini hii si keki yangu. Imeshika mno. Umetia nini, ngano?"

"Ngano! Nimuue? Nimetia unga wa ndizi tu."

Bi Mwantumu aliacha kutafuna. "Kiasi gani?"

"Nusu."

"Na mchana anakula nini?"

"Ndizi. Ugali ameacha, wali ameacha, viazi ameacha. Anakula ndizi na nyama, jioni mtori."

"Ya Rabi! Mama Filbert, ndizi ni wanga!"

"Ndizi ni ndizi," alisema Mektrida. "Haikuwepo kwenye orodha."

"Orodha kaandika mla ugali! Nyie Wachagga mkiambiwa acheni chakula, mnaacha vya wenzenu." Alikuwa anatania, kisha akamwona Mektrida uso, akamshika mkono. "Kaa kwanza."

Hakukaa. Alikuwa anahesabu kichwani: keki asubuhi, ndizi mchana, mtori jioni, mwezi mzima, kwa mkono wake mwenyewe. Bi Mwantumu alimfuata hadi mlangoni akimwambia apige ute wa mayai mpaka utoe povu zito, ndio utakaoshikisha unga wa lozi. Mektrida aliitikia, lakini miguu ilikwisha kuondoka.

Gari lilimshusha barabarani, akapanda kilima kilichobaki karibu akikimbia. Mvua ndogo ilikuwa imelowesha njia, na pande zote mbili migomba ilisimama kimya, mikungu ikining'inia. Hakutaka kuitazama.

Barazani alimkuta Dominika, na chombo cha kuhifadhi joto la chakula kikiwa wazi. Haji mtu kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kwao chakula cha mgonjwa ni mtori, ndizi zilizopondwa kwenye supu ya nyama. Wenseslaus alikuwa na bakuli mkononi, kijiko kikielekea mdomoni.

Mektrida alilichukua bakuli.

Mke hamnyang'anyi mumewe chakula, tena mbele ya dada yake, tena chakula alicholetewa na dada huyo.

"Wifi," alisema Dominika taratibu, "nimemtilia sumu kaka yangu?"

"Mimi ndiye niliyemtilia. Ndizi ni wanga. Ni kama ugali. Ni yale yale."

Wenseslaus alitazama kihamba kilichoanza hatua tatu tu kutoka miguuni pake. "Migomba ya baba?" aliuliza. "Imenilea miaka sitini, leo inikate mguu?"

"Baba Filbert, nipigie kelele ukipenda. Lakini huli."

Dominika alifunga chombo chake, akaondoka bila kuaga. Hakurudi wiki ile.

Keki ya lozi na povu la mayai ilishika vya kutosha. Mchana alimpa mboga na maharage machache, jioni mboga na yai. Wenseslaus alinuna, akakonda shingo. Jumamosi palibaki upana wa kidole kimoja. Jumapili wekundu uligusa wino. Mektrida alipiga magoti pale pale na beseni lake, maji yakipoa, akitazama kama umevuka. Alimwita mumewe atazame, kisha akamwambia asitazame. Alitayarisha nguo za hospitali, akazikunja, akaziweka mlangoni. Jumatatu ulikuwa bado umegusa. Haukuvuka.

Jumanne sukari ilikuwa tisa na nusu.

"Mmeacha nini?" aliuliza daktari.

Wenseslaus ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba kanisani. "Ndizi."

Muuguzi wa Tabora aligeuka kutazama orodha yake ukutani, akaisoma kutoka juu hadi chini. Kisha akachukua kalamu, akaandika neno moja chini ya soda.

Daktari alisema kidole kidogo kitaondolewa, kimekwisha kufa. Mguu ungoje, haukatwi sasa. Wekundu ulikuwa umeanza kurudi nyuma, mbali na wino. Alifuta mstari wa zamani kwa pamba yenye spiriti, akachora mwingine chini yake, upana wa kidole kimoja, kuelekea vidole vya mguu. Mektrida aliinama, akautazama sana, ajue umepita wapi hasa, maana kesho asubuhi, nyumbani, atakuwa peke yake nao.