Samaki Wanaomba

Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa sita na nusu mchana, maji ya tangi la samaki katika nyumba ya Albano, huko Boko, yalikuwa na joto la nyuzi thelathini na tatu. Namba hiyo aliiandika mwenyewe kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani, na kalenda bado ipo.

Albano ni mzaliwa wa Newala, mchonga vinyago aliyeacha kazi macho yalipofifia. Tangi halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe, Mauwa, aliyefuga samaki wa mapambo kwa miaka kumi na mitatu hadi Juni 2022, kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia na kumwachia maneno manne: ndiyo, maji, Stephano, ambalo ni jina la mtoto wao, na "wanaomba". Hili la mwisho alilisema kila asubuhi samaki walipopanda juu kungoja chakula, kama alivyolisema alipokuwa mzima. Daktari alimshauri Albano amtafutie mgonjwa kitu cha kumfanya atake kuzungumza. Akalisogeza tangi hadi miguuni pa kitanda, pamoja na samaki wake kumi na mmoja.

Siku hiyo umeme ulikatika saa tatu asubuhi. Feni ilisimama, na mashine ya hewa ya tangi nayo ikasimama. Saa tano hivi Mauwa akasema, "Wanaomba." Samaki wote walikuwa juu, vinywa wazi. Albano akawapa chakula. Mauwa akasema tena, Albano akawaongezea. Mara ya tatu Mauwa alikigonga kitanda kwa mkono wake mzima, Albano akamimina kifuniko kizima cha kopo la chakula.

Jenipher, jirani anayewaletea uji, alichungulia dirishani.

"Shikamoo mzee. Hao samaki mbona leo wanapiga miayo?"

"Marahaba. Njaa, mwanangu."

"Njaa gani na chakula kinaelea? Kwa joto hili hata mie nahema. Mpigie simu aliyewauza, kabla sijaleta nazi!"

Mauwa alicheka kwa upande mmoja wa uso. Albano anasisitiza kwamba alicheka.

Ismail, muuza samaki wa mapambo wa Buguruni, alipokea mara moja.

"Umewapa chakula? Mzee wangu, umewamaliza! Hao hawataki kula, wanatafuta pumzi. Maji ya moto hayashiki hewa, na chakula kikioza kinaila hata hiyo iliyobaki. Kitoe chote. Punguza maji robo, ongeza ya baridi kidogo kidogo. Ya bomba usitie hivihivi, yana dawa. Halafu chota na kikombe, mimina kutoka juu, usiache mpaka umeme urudi."

Maji ya baridi hayakuwapo. Pipa lilikuwa uani, juani tangu asubuhi; barafu ya friji ilikwisha yeyuka. Mtungini mlibaki vikombe vitatu vya maji ya kunywa ya Mauwa. Albano akavitia vyote, akaanza kuchota na kumimina.

Samaki wa kwanza aligeuka tumbo juu saa nane kasoro. Alipokufa wa nne, Albano alichukua kanga ili alifunike tangi, mkewe asione. Mauwa aliikamata kanga kwa mkono wa kushoto, akaishikilia. Basi akaendelea kuchota, mkewe akitazama.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili kasorobo. Alikuwa amebaki samaki mmoja.

"Mama Stephano," alimwuliza, "ulikuwa unaniambia wanaomba nini?"

"Wanaomba," alisema Mauwa.

Miezi sita baadaye, nilipowatembelea, Albano alinionyesha jinsi mkono wa mkewe ulivyokuwa wakati ule: umelala juu ya shuka, kiganja kikielekea dari.

Samaki yule yungali hai. Kila asubuhi hupanda juu, na Albano, chakula kikiwa mkononi, husubiri kwanza. Mauwa hajalisema tena neno lile. Kama siku hiyo alikusudia chakula, pumzi au dua, haijulikani.