Mkono wa Mbunge

Mbunge wetu wa chama cha Wakatoliki hakukosa kikao hata kimoja cha udugu wetu wa wanafunzi pale Würzburg, Ujerumani, ingawa alihitimu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Alivaa utepe wa udugu, wa rangi tatu, juu ya kizibao, na kila alipotaka kusema aliulainisha kwanza kwa kidole gumba. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Jina lako hakulisahau, wala la mama yako. Machi 1933, huko Berlin, aliunga mkono Kansela mpya apewe mamlaka yote. "Tumeziokoa shule zetu za Kikatoliki, jamani; ameahidi kutozigusa," alituambia aliporudi. Julai chama chake kilikuwa kimeshakufa.

Vuli ikaja amri kutoka kwa watu wa Kansela kwamba ndugu yeyote mwenye mke wa asili ya Kiyahudi aondolewe katika udugu. Kwetu alikuwa mmoja tu, Daktari Wendelin, ambaye mbunge mwenyewe alimlea katika udugu na kumsimamia harusi.

"Mzee wangu, sema neno basi," Wendelin alimwambia mbele yetu sote. "Wewe ukikataa, hawa watakufuata."

Mbunge akalainisha utepe.

"Ndugu yangu, ungejiondoa mwenyewe, tusingelazimika kupiga kura."

Wendelin akacheka kidogo. "Sijiondoi. Nitoeni nyinyi."

Mkono wa mbunge ulikuwa wa kwanza kuinuka. Tukaufuata wote.