Kabichi Kumi na Moja na Bakuli Tupu

Mimi nina hasira za karibu, na hilo simsingizii mtu. Mama yangu kule Songea alikuwa akiniona nimenuna ananipa mwiko nisonge ugali, ili hasira ziishie sufuriani. Hapa Magomeni, kwenye nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, hakuna aliyekuwa na habari ya dawa hiyo. Ndiyo maana nilimfanyia bibi wa chumba cha mbele nilichomfanyia.

Bibi huyo ni mjane, ukoo wake asili yake Uarabuni, na amekaa chumba kile miaka mingi kuliko mpangaji yeyote. Nilipohamia pale na mume wangu sikuwa na ndugu hata mmoja Dar. Nilipojifungua, ni yeye aliyemwogesha mwanangu na kunikanda kwa maji ya moto siku arobaini, na wala sikumwomba. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na tofauti hiyo tuliionea kwenye chakula tu: Ijumaa analeta yeye, Jumapili napeleka mimi.

Na pale nyumbani kuna desturi ambayo haikubandikwa ukutani lakini kila mpangaji anaijua. Chombo cha jirani hukirudishi kitupu. Ukiletewa pilau, bakuli unalirudisha na chochote ulicho nacho, maembe mawili, kipande cha muhogo, hata sukari kidogo kwenye karatasi. Ukilirudisha tupu, umemwambia mwenzako kwamba basi, yameisha.

Sasa kabichi. Mume wangu ni fundi wa magari mtaa wa Gerezani. Msimu ule wa mvua, lori la kabichi kutoka Lushoto lilikatika springi karibu na gereji yao, na walipolitengeneza dereva akamkabidhi kiroba kizima kama asante. Alikileta nyumbani kwa bajaji, anacheka mwenyewe kama kaleta mbuzi. Nikazihesabu: kumi na moja, kila moja kubwa kuliko kichwa cha mwanangu. Kwenye friji zilienea mbili, zilizobaki nikazipanga chini ya kitanda.

Jumatatu nikakaanga na karoti na hoho. Jumanne nikatia karanga za kusaga, kama kwetu. Jumatano nikaunga kwa nazi. Alhamisi nikaikatakata nyembamba mbichi, nikakamulia ndimu, tukalia wali na maharage. Kufikia hapo mume wangu alikuwa akitafuna huku anaangalia dari, akaniuliza kwa adabu sana kama duka la pembeni siku hizi haliuzi mayai. Nikamuuliza kabichi kaleta nani. Akamaliza sahani.

Ijumaa bibi akaja uani na bakuli lake jeupe lenye maua ya buluu, limejaa biriani. Wanawake wote tulikuwa bombani. Akaniambia, "Shika mwanangu, umpumzishe mumeo. Nyumba nzima inanuka kabichi mpaka mapazia yangu."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, lakini cheko la meno. Moyoni niliwaka. Bibi alisema mapazia, mimi nikasikia umaskini. Nikasikia kwamba nalisha familia majani na mtaa mzima umejua. Hakusema hivyo hata kidogo, lakini mtu ukishawaka unasikia unachotaka.

Biriani tuliila, siwezi kudanganya, na vidole nikalamba. Kisha nikaliosha lile bakuli, nikalifuta likang'aa, nikampelekea kwa mkono wangu mwenyewe. Tupu. Chini ya kitanda kulikuwa na kabichi za kutosha, ningeshindwa nini kumkatia hata robo? Alichungulia ndani ya bakuli, akaniangalia usoni, akasema haya, akashusha pazia la mlango wake.

Ijumaa iliyofuata hakikuja kitu. Nikimwamkia shikamoo ananijibu marahaba, basi, anaendelea na shughuli zake. Zamani hiyo marahaba ilikuwa inafuatiwa na umelalaje, mtoto kaamkaje, mbona umekonda. Nikajifanya sijali. Halafu siku moja, niko uani nafua, mpangaji mwenzangu akanipa habari kwamba binti wa bibi anakuja kumchukua mwisho wa mwezi akaishi naye Tanga, magoti hayamruhusu tena kukaa peke yake. Zimebaki siku kumi.

Nilisimama pale na povu mikononi. Nikaingia ndani nikalia, na nilijua kabisa ninalia nini. Mama yangu wa mjini anaondoka, na kitu cha mwisho nilichompa ni bakuli tupu.

Mume wangu akaona jambo dogo, niende tu nikamwombe radhi. Wanaume bwana. Niende mikono mitupu kumwomba radhi ya mikono mitupu? Ilikuwa lazima niende na chakula, na kichwa changu kigumu kikaamua chakula chenyewe kiwe kabichi, ile ile iliyotugombanisha. Tena iwe kabichi ya kumfanya aombe nyingine.

Nikaanza na sambusa. Nikaikaanga na dagaa wa kusaga na pilipili manga, nikafunga, nikachoma kwenye mafuta. Mume wangu akala sita, akaniuliza kwa wasiwasi kama ni kabichi zile zile. Zilitoka vizuri, lakini bibi ndiye aliyenifundisha kukunja sambusa, na kumpelekea zangu ni kumpelekea kazi ya kukosoa. Nikajaribu katlesi, nikachanganya na viazi na yai. Zikafumuka kwenye karai, nikaupiga mwiko mezani mpaka ukapasuka. Siku nyingine nikakata vipande vinene, nikavichoma juu ya mkaa kama mahindi, nikapaka ndimu na chumvi. Hii ilikuwa tamu ajabu, na mpaka leo tunaila. Lakini bibi meno yake unayahesabu kwa mkono mmoja. Zikabaki kabichi mbili na siku mbili.

Asubuhi ile nilipita mbele ya mlango wake, pazia limepandishwa. Alikuwa amekaa mkekani anafunga vyombo. Anatandika kipande cha kanga kuukuu, anaweka glasi katikati, anakunja pembe hii, anakunja ile, anaviringisha, anapanga kwenye boksi. Hakuniona. Nikasimama pale kidogo naangalia mikono yake, kisha nikaenda moja kwa moja jikoni.

Kabichi ya kwanza niliiharibu, majani yalichanika yote nilipoyabandua mabichi. Ya mwisho nikatulia. Nikaitoa kigogo chake kwa ncha ya kisu, nikaizamisha nzima kwenye maji yanayochemka, na majani yakaanza kuachia yenyewe, laini, moja moja. Nikapunguza ule mshipa mnene wa katikati. Nikachanganya wali wa nusu kuiva na nyama ya kusaga, kitunguu, iliki na mdalasini, vipimo vyote vya bibi mwenyewe. Nikaweka katikati ya jani, nikakunja pembe hii, nikakunja ile, nikaviringisha. Nikavipanga sufuriani vikibanana, nikamimina tui zito, nikapunguza mkaa. Safari hii wapangaji walikuja mmoja mmoja kuuliza napika nini, na nikawaambia hamtaonja.

Nilipakua kwenye bakuli langu la bati la kijani, ambalo mama alinipa siku natoka Songea, nikapiga hodi chumba cha mbele. Bibi akasema karibu. Nikamwamkia, akaitikia, akapokea, akafunua.

"Nini hii?"

"Kabichi, bibi."

Nikasema haraka kabla ulimi haujanigoma, "Bakuli lako nilikurudishia tupu makusudi. Nilikasirika. Nisamehe."

Alichukua kifurushi kimoja kwa vidole, akakila taratibu mpaka kikaisha. Akachukua cha pili. Ndipo akasema, "Siku ile nilishinda na lile bakuli mapajani, najiuliza nimekukosea nini. Jioni nikajijibu. Nilikutania mbele za watu, na hukuwa na wa kukutetea. Na wewe nisamehe, mwanangu."

Tulilia wote wawili, na tukala. Akaniambia nimezidisha mdalasini. Nikajua tumepatana.

Kesho yake binti yake alikuja na kigari cha mizigo, kirikuu, tukapakia kitanda, maboksi na mapazia yake. Mimi nikawa nasubiri bakuli langu. Bibi akapanda mbele, akajifunga mkanda, na bakuli la kijani liko mapajani pake. Nikamkumbusha, kwa utani, kwamba kuna chombo changu anaondoka nacho.

"Jiko nimeshagawa, chumbani hamna hata chumvi," akasema. "Nikikupa leo nitakupa tupu, na mimi sina tabia hiyo. Njoo Tanga ulichukue."

Wapangaji waliangua kicheko, na mara hii nilicheka kwa moyo wote, huku machozi yananitoka.

Siku hizi bibi hupiga simu kila Ijumaa, anasema anapika nini, mimi nasema napika nini. Chumba cha mbele amehamia msichana mjamzito kutoka Lindi, hana ndugu hapa mjini, na maji ya kumkanda nimeshamwahidi. Juzi binti yake bibi alinipigia kwamba kuna mtu anakuja Dar, ampe bakuli langu aniletee? Nikamwambia kwa ukali kabisa asithubutu. Likae huko huko. Mwezi ujao naenda kulifuata mwenyewe.